Upande Wangu wa Kaburi

Jumapili, 3 Machi

Leo nimeambiwa nimekufa. Na aliyeniambia ni mtu mwenye adabu zake kabisa.

Baada ya ibada nilizunguka nyuma ya kanisa kumsalimia mume wangu, kama kawaida. Nikakuta mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake wamelizunguka kaburi, kalamu mkononi. Anawasomea jiwe. Jina la mume wangu, kubwa, kisha: Mwandishi. Waziri Mkuu. Mtumishi wa Watu. Halafu chini, kwa herufi ndogo: na mkewe mpenzi — jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa, kistari. Baada ya kistari, hakuna kitu.

Mwalimu akawaambia huenda fundi alisahau kumalizia. Akanigeukia. "Bibi, wewe naona ni wa hapahapa. Ulimfahamu huyu mama enzi za uhai wake?"

"Kidogo tu," nikasema.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali. Na kupika hajui."

Wakaandika! Wote!

Nimecheka njia nzima. Nilipomsimulia Sindano hakucheka. Sindano ni binti wa marehemu — hapana, sitaandika marehemu. Ni binti wa mdogo wangu. Jina hilo nimempa kwa sababu anashona, na kwa sababu ya ulimi wake. Akasema, shangazi, mtu akikuambia umekufa huchezi naye. Unamkatalia palepale.

Niliomba zamani jina langu lisichongwe nikiwa hai. Kamati ya kumbukumbu ya mume wangu ikasema ni wosia wa Mheshimiwa. Wosia ni wosia. Basi nimezoea kusoma jina langu kaburini kama wengine wanavyosoma lao mlangoni.

Chombo cha maua cha upande wangu kimeinama. Nilikisimamisha. Kikainama tena.

Jumatano, 6 Machi

Sauti yake jikoni! Nimedondosha kikombe.

Ni redio tu. Mwisho wa mwezi inatimia miaka kumi tangu tumzike, basi wamefukua kanda zake za zamani, anasoma riwaya yake mwenyewe. Ile ya dada anayemtafuta kaka yake. Sindano alikuwa anashona sebuleni. Cherehani ikanyamaza.

Nchi nzima ililia na kitabu kile. Kaka anachukuliwa na askari, dada anatafuta miaka na miaka, mwisho anampata ng'ambo, mzima, ana duka, ana watoto, amenenepa. "Usinitafute tena, dada. Niko salama." Mume wangu alikuwa anajua kusoma. Sauti ile iliweza kukuuzia maji ya mvua.

Mimi nilikisoma kama dawa. Kwa sababu mdogo wangu naye alichukuliwa. Wino, tulimwita — alikuwa akifanya kazi kiwanda cha uchapaji, vidole vyeusi hata siku ya harusi yake. Wapiga chapa waligoma, yeye mbele. Askari wakamtoa kazini na aproni yake kiunoni. Mkewe alikuwa na mimba ya Sindano. Na Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa nani? Aliyekuwa analala kitandani kwangu.

Nilimpigia magoti. Aliniapia kwamba alitoa amri Wino aachiwe, na kwamba ameachiwa, na kwamba amevuka mpaka. Kisha akaandika kitabu. Nikaamini kitabu.

Sindano kaizima redio. Cherehani ikaanza tena, kasi sana.

Jumapili, 10 Machi

Ardhi imeshuka.

Siyo macho yangu. Upande wa mume wangu uko imara, marumaru juu ya zege. Upande wangu — nyasi tupu, hapajawahi kuchimbwa hata siku moja — pameingia ndani kama godoro lililolaliwa. Urefu wa mtu. Upana wa mtu.

Nikajisemea ni mvua. Nikachukua ndoo ya mtunza makaburi nimwagilie maua. Maji hayakutuama. Yalinywewa! Na sauti nikaisikia, chini kabisa, kama mtu mwenye kiu anayemeza haraka. Nikamwaga tena. Yakanywewa tena. Vinyweleo vilinisimama mchana kweupe, na ndani kwaya inafanya mazoezi ya wimbo wa furaha.

Nikagonga kwa fimbo. Upande wake: kimya, kitu kigumu. Upande wangu: du. Du. Kama mlango.

Niliondoka bila kuaga. Mara ya kwanza.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi. Siwezi kushindwa na shimo.

Mtunza makaburi tunamwita Kobe, kwa mwendo wake. Nilimkuta anapiga mswaki nyuma ya bomba.

"Kobe, ardhi isiyochimbwa hushuka?"

"Haishuki, mama."

"Na hii?"

Akatema povu. Akaangalia mawingu. "Labda mchwa."

"Mchwa wenye urefu wa mtu?"

Hapo akaacha mzaha. Akasema yeye pale hapapendi. Nyasi za upande wangu anazikata Ijumaa, Jumapili zimejaa tena, nene, kijani kibichi. Za kando ya marumaru ya Mheshimiwa zimegoma kuota kabisa. Amenyamaza kwa sababu akisema wataambiana amelewa. Kisha akasema makaburi hushuka yakiwa ya zamani — sanduku likioza, mbao zikivunjika, udongo unaingia.

"Lakini hapo hakuna sanduku," nikasema.

"Ndiyo, mama. Hakuna."

Tukabaki tunatazama nyasi, mimi na yeye, kama watu wanaosubiri mtoto atoke alikojificha.

Alhamisi, 14 Machi

Mwenyekiti wa Kamati ya Kumbukumbu kaja na biskuti. Alikuwa naibu wa mume wangu kule wizarani. Sasa ana kitambi na mkongojo wa fahari asiouhitaji. Mama yetu hivi, mama yetu vile. Wageni wakubwa watakuja. Runinga itakuja. Haiwezekani kaburi la Mheshimiwa lionekane limebonyea upande mmoja. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu wanamwaga zege. Nene. Upande wote.

"Na siku yangu ikifika? Mtavunja?"

Akacheka. "Mungu akupe maisha marefu, mama yetu."

"Maisha marefu nimeshayapata. Nauliza kaburi."

Akazungusha kikombe. Akasema kuna sehemu nzuri zaidi, chini ya ukuta mpya, kivuli, hewa. Kamati ingeweza kunihamishia huko. Jina langu pia, wangelifuta, wasinisumbue.

Miaka kumi naomba jina lifutwe, naambiwa wosia! Leo wosia umekuwa wa mpira.

Nikamuuliza, "Kwani pale pana nini?"

Lilikuwa swali tu. Lilinitoka. Lakini uso wake — ulijifunga. Nimeishi na wanasiasa, nazijua nyuso zao zikijifunga. Akatazama saa, akasema ana kikao. Chai aliiacha nusu.

Sindano alikuwa mlangoni na nguo ya mtu mkononi. Sijui amesikia kiasi gani.

Ijumaa, 15 Machi

Sijala. Nakumbuka tu. Siku nyingine kichwa changu hakikumbuki funguo ziko wapi, leo kinanipa kila kitu.

Kigoda cha kukunja cha mume wangu. Mwaka ule ule wa mgomo, kanisa lilikuwa linajenga ukuta wa makaburi. Yeye, mtu ambaye ibada aliihudhuria kwa kusukumwa na mimi, akatoa mchango mkubwa kuliko wote. Kisha akaanza kwenda kule peke yake. Kila Jumapili alasiri, kigoda, kalamu, karatasi. Aliandikia pale. Riwaya yote aliiandikia pale, ameketi mahali ambapo hapakuwa na kaburi la mtu yeyote. Waandishi wa habari waliona ni jambo la kupendeza. Mimi pia! Niliwaambia wageni: mume wangu anapenda utulivu.

Baadaye akapanunua pale pale alipokuwa akiketi. Kwa ajili yetu sote wawili, alisema.

Na hospitalini, siku za mwisho, aliponishika mkono. "Nimekuwekea nafasi. Utalala karibu na wako."

Nilidhani anajisema yeye. Nililia kwa kupendwa.

Hakusema karibu nami. Alisema karibu na wako.

Nimeandika hivyo na kalamu imenikatalia kuendelea.

Jumapili, 17 Machi

Sikuingia ibadani. Nilikaa kwenye ukingo wa marumaru, nikatazama upande wangu. Pameshuka zaidi. Pembezoni nyasi zimechanika, mstari mwembamba wa udongo mwekundu, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

Mama mmoja na mumewe walipita. Wakaweka ua kwenye jina langu. Wakaniambia pole, bibi, alikuwa ndugu yako?

Nikajibu ndiyo. Sikujua namjibu nani, wala nani ananijibisha.

Nyumbani Sindano kanibana. Unaficha nini, shangazi? Nikamwambia miguu inaniuma. Akasema miguu haimfanyi mtu aongee peke yake bafuni.

Jumanne, 19 Machi

Nimekwenda kwa dereva wa zamani wa mume wangu. Teksi, kisha ngazi nyingi mno. Anaishi na mkwewe, chumba cha nyuma, jicho moja limeshaingia ukungu. Alikuwa anamenya viazi. Aliponiona alisimama kama bado ana sare.

Tuliulizana habari za afya. Za watoto. Mkwewe akatuletea soda akatoka. Nikaona nisizunguke.

"Ndugu yangu, ulimpeleka nani kule kanisani, mwaka wa ukuta?"

Kisu kikasimama katikati ya kiazi.

"Mimi niliendesha tu, mama."

"Najua. Sijaja kukushtaki. Nimekuuliza nani."

Akakitoa kisu kwenye kiazi, akakiweka chini. Kisha akaanza, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia. Kwamba kijana alifia mikononi mwa askari, ofisini. Kwamba Mzee, yaani mume wangu, hakuwa ametoa amri ya kumuua — wala hakuwa ametoa ile amri nyingine, ya kuachiwa. Karatasi ilikaa mezani, akisubiri mgomo uishe kwanza. Alipoletewa habari alikaa kwenye gari asubuhi nzima, mlango umefungwa, koti kalivaa kinyume na hajui. Wenzake walitaka mwili upelekwe mbali, porini. Naibu ndiye aliyesema hivyo. Mzee akakataa. Alisema, huyu hatatupwa. Atalala penye sala. Udongo kando ya ukuta ulikuwa umeshachimbuliwa, mafundi wameondoka. Sanduku lilikuwa la vifaa vya ofisi.

"Ulimwona?"

"Sikushuka garini, mama. Naapa. Nilisikia tu."

"Ulisikia nini?"

"Mzee. Alikuwa anamwita shemeji. Anamwambia, shemeji, nisamehe, shemeji, nisamehe. Muda wote walipokuwa wakifukia."

Viazi vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi kwenye beseni. Nilimshukuru. Nilishuka zile ngazi nimeshika ukuta. Chini kuna duka linauza redio na zote zilikuwa zinaongea, na mojawapo ilikuwa na sauti ya mume wangu.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwambia Sindano.

Alisikiliza mpaka mwisho, sindano iko mdomoni. Akaitoa. Akaichomeka vizuri kwenye kitambaa chake, mahali pake. Akauliza swali moja: "Ulikuwa unanipeleka pale kila Jumapili nikiwa mdogo?"

Ndiyo. Mume wangu akiandika, sisi tukimpelekea chai. Mtoto anaruka kamba. Palepale.

Amejifungia chumbani. Nimekaa nje ya mlango wake sakafuni, mtu wa umri wangu. Lakini hajaniambia niondoke.

Mume wangu, ulinipa kitabu badala ya ndugu. Na nikakubusu kwa ajili ya kitabu hicho.

Ijumaa, 22 Machi

Asubuhi mifuko ya saruji ilikuwa imeshapangwa kando ya bomba, imefunikwa turubai. Kokoto. Mchanga. Kesho saa nne, kasema Kobe.

Nilikwenda kwa mchungaji na Sindano. Ni kijana, mpole, anaogopa kila mtu sawasawa. Tukamwambia yote. Akasema haya ni mambo mazito. Akasema kuna ngazi za kufuata. Askofu, serikali, kibali cha kufukua maiti, miezi. Akasema Kamati. Akasema Kamati mara nyingi.

"Kesho wanamwaga zege, mchungaji," Sindano kasema. "Baada ya hapo ngazi zako zitapanda kwenda wapi?"

Akashika kichwa. Nilimhurumia, kweli. Ndipo likanijia. Sijui lilitoka wapi, labda ni kuishi sana na mawaziri.

"Pale ni kaburi la nani?" nikamuuliza.

"La... Mheshimiwa na—"

"Na?"

"Na wewe, mama."

"Kuna maiti upande wangu? Kwenye vitabu vyako?"

"Hapana. Pako wazi."

"Basi sifukui maiti. Naomba kuchimbiwa kaburi langu."

Akakodoa macho. "Lakini mama, hujafa!"

"Najiandaa mapema. Jina limetangulia, mwaka wa kuzaliwa umetangulia. Shimo nalo litangulie. Kuna sheria inayokataza?"

Sindano akaanza kucheka — kicheko kibaya, kilichogeuka katikati kikawa kilio, na mchungaji akasimama akamletea maji. Kisha akasema, akitazama dirisha, kwamba Kobe huanza kazi alfajiri. Kwamba yeye hana sababu ya kumkataza mjane.

Nimefua nguo yangu nyeusi. Sindano ameipiga pasi bila kuombwa.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika nikiwa ndani ya kanisa, chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu. Daftari lilikuwa mkobani. Wamenitoa pale kwa sababu nilianza kutetemeka. Ni baridi, nimewaambia. Hakuna aliyebisha.

Walianza jua likichomoza. Kobe na mwenzake. Manyunyu. Kobe alivua kofia, akaomba kitu kwa sauti ndogo, akachoma koleo — na koleo likaingia lote. Mpaka mpini. Hakuna ugumu. Akalitazama, akanitazama. "Udongo huu umeshachimbwa, mama," akasema. Mchungaji alikuwa kwenye kona ya ukuta, amejifanya anasoma.

Harufu haikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu. Ilikuwepo ya mvua tu, na ya mizizi.

Sindano alisimama ukingoni, viatu vimejaa tope. Nilimshika kiwiko. Kila koleo likitua, naye anavuta pumzi. Mwenzake Kobe akasema kuna mbao. Nyembamba, imelainika kama mkate. Akaitupa juu. Ina msumari mmoja bado.

Hapo ndipo waliponileta huku. Sindano nilimwita tuje wote. Hakugeuka.

Nasikia gari. Mlango wa gari. Mwenyekiti — sauti yake naijua hata nikiwa usingizini. Anauliza nani ameruhusu! Anauliza kama wanajua hili ni kaburi la nani! Sauti inapanda, inapanda, inakaribia.

Imekatika. Katikati ya neno.

Sasa hakuna anayeongea kule. Hata yeye. Dirisha la hapa liko juu, naona mbingu tu na ncha ya ukuta. Nimejaribu kusimama kwenye kiti. Bado sifiki.

Mchungaji ameingia. Hajanitazama. Kavua viatu vyenye tope mlangoni, kafungua kabati, kapekua, katoa kitambaa kirefu cheupe, kilichonyooshwa vizuri.

"Hicho si cha madhabahuni?" nimemuuliza.

"Ni cha madhabahuni, mama."

Akabaki amekikumbatia kifuani. Nikamwambia aseme. Akatikisa kichwa. Akasema Sindano yuko chini, ameteremka mwenyewe, hataki kushikwa mkono, na ameomba kitambaa safi cha kumlazia. Akasema nikae tu. Kaa, mama. Kaa kidogo. Akatoka bila kuvaa viatu.

Nimekaa. Naandika ili vidole vipate shughuli.

Makoleo yamenyamaza zamani. Nilidhani wamesimama, lakini hapana, nikitega sikio nasikia kitu, chepesi, kinakwenda na kurudi. Wanachimba kwa mikono.